Jibu: Naongeza 25%, mbona faida haifiki?

Jambo dada. Unasema kartoni ya sabuni, vipande 24, unainunua dola 18, unaongeza 25% na kuuza 22.50, lakini ukimlipa mtu wa chukudu (kile chombo cha mbao cha kusukuma mizigo) dola 1.20 unabaki na faida ya karibu 15% tu ya mauzo.

Anza na hiyo chukudu. Kartoni ikifika mezani kwako sokoni Birere, Goma, tayari ni 19.20, si 18 tena. Mimi nilikula hasara hiyo miezi mitatu kwenye mchele, nikidhani kijana wa dukani ananiibia. Maskini, hakuwa na kosa.

Halafu jiulize: 25% ya nini? Ukiiongeza juu ya mtaji, 19.20 × 1.25, unauza 24, faida 4.80. Lakini 4.80 ndani ya 24 ni 20%. Ukitaka 25% ya bei ya kuuzia, usizidishe, gawanya: 19.20 ÷ 0.75 = 25.60, yaani dola 1 na senti 7 hivi kwa kipande. Jirani akiuza dola 1 kamili, mimi ningebaki kwenye 24.

Vipande vikivunjika, gawanya gharama kwa vile vizima tu.

Na kwa kuwa unanunua kwa dola na kuuza kwa faranga, andika bei ya dola kwenye daftari, kisha kila asubuhi pita kwa kambisti, yule mbadilisha fedha, uone kiwango cha siku kabla ya kutaja bei. Kodi ya meza sijaihesabu, hukuitaja.