Mombasa hadi Unguja kwa ndege: kilomita 246 ni muda gani?

Kutoka uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, hadi ule wa Abeid Amani Karume, Unguja, ni takriban kilomita 246 moja kwa moja, yaani maili 133 za baharini. Karibu sawa na Mombasa hadi Manda, Lamu, ingawa Lamu watu huiona jirani na Unguja huiona safari.

Ukigawanya kilomita kwa kasi ya ndege utapata muda mfupi kuliko ule wa kweli. ATR 72, ndege ya abiria ya mapangaboi mawili, ikishatulia angani huenda takriban kilomita 500 kwa saa, hivyo 246 ni dakika 30. Ongeza 15 za kujiburura ardhini hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kupanda, kupunguza mwendo na kujipanga kutua: dakika 45. Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja, kwa kilomita 300 hivi kwa saa, itakula dakika 50 angani, na ukiongeza zile za pembeni ni saa nzima.

Dakika hizo za pembeni hazipungui kwa kupanda ndege kubwa. Hadi Nairobi ni kilomita 422; jeti ya kilomita 800 kwa saa ingemaliza kwa dakika 32, lakini ratiba huandika kama saa moja. Ratiba huhesabu tangu ndege inapotoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena. Isitoshe, chini ya futi 10,000 kasi huwekewa kikomo cha noti 250 (maili 250 za baharini kwa saa), kama kilomita 460 kwa saa, na kwenye njia fupi sehemu kubwa ya safari ni kupanda na kushuka. Usilipe zaidi kwa kufuata jeti.

Upepo nao una hesabu yake. Njia kuu ya kurukia pale Moi imelala kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi. Msimu wa kaskazi, ndege ya Unguja kwa kawaida hupaa ikiipa Unguja mgongo, ndipo igeuke. Dakika chache zimekwenda, lakini baadaye upepo unaisukuma. Kusi ni kinyume: hupaa ikielekea inakokwenda, kisha inapambana na upepo wa mbele. Upepo wa kilomita 40 kwa saa huiongezea Caravan dakika 7 au 8. Jeti haiusikii sana.

Kinachoharibu siku hasa ni tiketi inayopitia Nairobi. Kilomita 422 pamoja na 600 hivi za Nairobi–Unguja zinakaribia 1,020, zaidi ya mara nne ya njia ya moja kwa moja, na bado hujahesabu kungoja. Ikibidi, nunua tiketi moja ya safari nzima. Ukiwa na mbili za mashirika tofauti, ya kwanza ikichelewa, la pili halina deni nawe. Tena utachukua begi mwenyewe, ubadilishe jengo na upite uhamiaji. Muda wa saa tatu kati ya ndege hizo si mwingi.

Kwa Caravan, uliza uzito wa mzigo mapema: mara nyingi ni kilo 15, na begi laini.

Saa za Kenya na Tanzania ni zilezile. Kaunta ifikie saa mbili kabla ya kuondoka. Kutoka Nyali, tenga muda wa foleni ya malori Makupa hadi Changamwe. Anayetoka Diani apitie Dongo Kundu, aachane na feri ya Likoni.