Ofa ya chuo mmeipata, viza bado: majibu kwa kaka

Shikamoo kaka, na salamu kwa wote mnaosoma hapo nyumbani. Umeniuliza mambo matatu kwa mpigo. Binti amepata divisheni wani ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) na chuo cha huku Uingereza kimempa ofa, sasa kwa nini bado wanadai makaratasi? Baba mdogo amesema atatoa hela, je, itafaa? Na akishafika, si atakaa kwangu, afanye kazi ajilipie ada? Najibu kwa urefu kwa sababu maswali haya haya hunijia kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, na majibu mafupi ndiyo yanayoharibu mambo.

Hongera zake kwanza. Cheti cha kidato cha sita vyuo vingi vya huku vinakikubali kuingilia shahada. Wenzetu wa Kenya wenye KCSE mara nyingi huambiwa waanze na mwaka wa maandalizi, nao hulipiwa kama miaka mingine. Kwa hiyo upande wa masomo binti kavuka. Lakini ile barua mliyoipiga picha mkaizungusha ukoo mzima haiombi viza. Kinachoombea viza ni namba inayoitwa CAS. Chuo huitoa kikisharidhika na vyeti halisi, Kiingereza, malipo ya awali ya ada, na siku hizi mahojiano ya video. Kiingereza msikidharau kwa sababu kasoma sekondari kwa Kiingereza. Tanzania haimo kwenye orodha yao ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi ushahidi wa lugha.

Unashangaa chuo kumhoji mtu kikishampa nafasi. Sababu ni leseni yao. Chuo kinachoalika wageni kina leseni ya serikali, na kwa miaka kadhaa kanuni ilikuwa kwamba waliopewa CAS wakinyimwa viza kwa zaidi ya asilimia 10, leseni iko hatarini. Mwaka 2025 serikali ikatangaza kukishusha kiwango hicho hadi asilimia 5. Ndiyo maana wanamuuliza binti kwa nini kozi hii, kwa nini mji huu, nani analipa, mzazi anafanya kazi gani. Akijibu "nilichaguliwa na wakala", amekwisha. Na huyo wakala wenu mumwangalie vizuri. Mawakala wengi hulipwa kamisheni na chuo kwa kila mwanafunzi anayefika. Akiwadai ninyi tena mamilioni ya "kushughulikia viza", anakula kotekote. Fomu ya viza anaijaza binti mwenyewe mtandaoni.

Sasa hela, maana hapa ndipo wengi hufia.

Umesema ada yake ni pauni 17,000 kwa mwaka. Tuseme mkilipa awali 5,000, zinabaki 12,000. Juu yake serikali inataka aonyeshe hela ya kujikimu ya miezi tisa. Tangu Novemba 2025 ni pauni 1,171 kwa mwezi nje ya London, na 1,529 kwa London. Chuo chake kiko nje ya London, kwa hiyo ni 10,539. Jumla 22,539, zaidi ya shilingi milioni 70. Hiyo ni ya kuonyesha tu. Kuna ada ya viza, zaidi ya pauni 500 na hairudi akinyimwa. Kuna mchango wa afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, unalipwa wote siku ya kuomba. Kwa shahada ya miaka mitatu unafika karibu 2,700. Huo angalau hurudishwa akikosa. Ongeza kipimo cha kifua kikuu kwenye kliniki wanayoitambua wao, kisha nauli.

Hizo 22,539 lazima zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe imepita zaidi ya siku 31 kabla ya kuomba. Kijana mmoja ninayemfahamu, wa Moshi, alikuwa na kiasi kamili. Siku ya kumi na kitu benki ikakata makato ya mwezi, salio likashuka chini ya mstari kwa kiasi kisichozidi nauli ya daladala. Akanyimwa. Halafu kuna shilingi yenyewe: akaunti yako ni ya shilingi, wao wanabadilisha kwa bei ya siku ya kuomba, na wanatumia bei ya OANDA, tovuti ya viwango vya fedha, si ya duka la fedha la hapo mtaani. Shilingi ikiteleza wiki hiyo, hela iliyotosha haitoshi tena. Wekeni ziada ya milioni kadhaa au msianze.

Baba mdogo sasa. Najua alivyokusomesha wewe, na sina shaka hela anayo. Lakini kanuni inakubali akaunti za watu wachache: mwanafunzi mwenyewe, mzazi, au mlezi wa kisheria, maana yake mwenye karatasi ya mahakama. Baba mdogo hayumo. Mimi shangazi yake, ninayeishi hukuhuku na kulipa kodi hukuhuku, nami simo. Ikiwa akaunti ni yako, utatoa barua ya ridhaa na cheti cha kuzaliwa cha binti kinachokutaja wewe kama baba. Hapo naomba ukitoe kabatini leo ukilinganishe na pasipoti na cheti cha NECTA, baraza la mitihani. Herufi moja ikipishana, anza RITA, wakala wa vizazi na vifo, mapema, usingoje Agosti.

Baba mdogo anaweza kumpa binti hela zikaingia akaunti ya binti mwenyewe, zikatimiza siku 28. Hilo halikatazwi, ila ofisa ana haki ya kuuliza zimetoka wapi, na jibu liwe la kweli lenye karatasi. Shamba la Kilosa halihesabiki, wala hisa, wala ng'ombe, wala nyumba ya Kihonda hata ingekuwa na hati.

Kuna mchezo ambao nasikia unafanyika, wa kukodi hela: mtu anakujazia akaunti mwezi mmoja, viza ikitoka anachukua chake na riba juu. Ofisa akigundua udanganyifu, adhabu inaweza kuwa kufungiwa miaka 10. Wasipogundua ni balaa la aina nyingine. Binti anatua Heathrow na sanduku, karatasi zinasema ana pauni elfu kumi, mfukoni ana mia mbili. Nimewapokea watu wa namna hiyo. Wanalala sebuleni kwa mtu, hawaendi darasani kwa sababu wanatafuta zamu, na chuo kinachukua mahudhurio na kuripoti serikalini.

Kukaa kwangu, karibu, chumba kipo. Lakini chumba changu hakipunguzi hata pauni moja kwenye zile 10,539. Wanapunguza tu kodi iliyolipwa kwa chuo kwa ajili ya bweni, na hata hiyo ina kikomo.

Kazi nayo tuipigie hesabu. Wakati wa masomo anaruhusiwa saa 20 kwa wiki, na hawezi kujiajiri, kwa hiyo kupeleka chakula kwa baiskeli kupitia zile programu ni marufuku. Ana miaka 19, na kima cha chini cha umri wake tangu Aprili 2026 ni pauni 10.85 kwa saa. Mara 20 ni pauni 217 kwa wiki, kabla ya basi na chakula. Hata akifanya saa hizo 20 wiki zote 52, hafiki 11,500. Ada ni 17,000. Kubeba maboksi kutamnunulia koti la baridi na vocha, hakutalipa ada. Anayewaambia alijisomesha kwa kibarua, muulizeni alikuja mwaka gani na kwa viza gani.

Na jambo ambalo hujaniuliza: viza inadai ushahidi wa mwaka wa kwanza tu. Mwaka wa pili hakuna ofisa atakayekuuliza, lakini ankara itakuja. Ukikwama, chuo kinaweza kumwondoa na kuitaarifu serikali, na kwa kawaida viza hufupishwa hadi siku 60. Nimeona binti wa watu akirudi nyumbani na mwaka mmoja na nusu wa shahada ambayo hakuna chuo hapo kilichotaka kuihamisha. Kwa hiyo hesabu yako iwe ya pauni 51,000 za ada, pamoja na maisha ya miaka mitatu.

Shemeji aliyeuliza kuhusu kuja na mke kwa Masters: tangu 1 Januari 2024 kwa kawaida haiwezekani, labda awe anasoma PhD au shahada ya juu ya utafiti.

Kama ungeniuliza ningefanya nini na hela hiyo, ningempeleka Muhimbili au SUA, chuo cha kilimo cha Sokoine, bodi ya mikopo ikisaidia, amalize, afanye kazi miaka miwili, kisha aombe Chevening, udhamini wa serikali ya Uingereza. Inalipa ada, nauli na posho ya Masters ya mwaka mmoja, inataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na inamtaka arudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Mwenye udhamini rasmi unaobeba ada na kujikimu haulizwi hizo siku 28. Najua mama yake hatalipenda jibu hili, na wewe ndiye utakayelifikisha, pole.

Kama bado mmeamua aje Septemba hii, muda umebana: siku 28 za akaunti, na uamuzi wa viza kwa kawaida wiki tatu tangu aweke alama za vidole. Niambie kabla ya Ijumaa akaunti ni ya jina lako peke yako au ni ile ya biashara mnayochangia na mwenzako, maana ya biashara haitafaa. Na unitumie picha ya cheti cha kuzaliwa, mbele na nyuma.