Kirai na pumzi

Mwanangu,

Umeniuliza kama kirai cha kwenye sarufi na kile kipande cha wimbo ambacho mwalimu wa kwaya anataka mkiimbe bila kukata ni kitu kimoja. Si kimoja, ila vikigombana wimbo unaharibika.

Kirai ni neno au fungu la maneno lenye neno kuu, lisilo na kiima na kiarifu ndani yake. Jina lake hufuata neno kuu: "watoto wa jirani" ni kirai nomino, "mzuri sana" kirai kivumishi, "juzi jioni" kirai kielezi. Ukiwa na shaka, badilisha. Katika "Watoto wa jirani wamevunja kioo", fungu "watoto wa jirani" waweza kuliondoa ukaweka "wao". "Jirani wamevunja" halina mbadala, ingawa maneno yanafuatana. Basi si kirai. Nahau nayo ni fungu, lakini limeganda: mtu hupiga moyo konde, hapigi moyo ngumi.

Kwenye muziki hakuna neno kuu. Kipande hujulikana kwa pale sauti inapotua. Mara nyingi ni vipimo vinne, yaani mafungu manne ya mapigo: kipande cha kwanza huishia sauti ya so au re, sikio likabaki linangoja, kipande cha pili kikarudi do, sauti ya nyumbani. Wengi hukosea kwa kudhani mstari unaotenga vipimo kwenye nota ndio mpaka. Kipande kikianza pigo la nne, kwa kawaida hukoma pigo la tatu la kipimo chake cha mwisho.

Ugomvi wenyewe uko kwenye maneno. Tazama mshororo huu, mizani (yaani silabi) 8 kwa 8:

Nimeziona nyumba za, jirani wetu zi wazi

Hesabu imetimia, lakini kituo cha katikati kimepasua kirai nomino, na msikilizaji ameachwa na nyumba zisizo na mwenyewe. Maneno yale yale, yakipangwa upya:

Nyumba za jirani wetu, nimeziona zi wazi

Mizani haijaguswa, na sasa pumzi inavutwa kirai kikiwa kizima.

Pumzi yenyewe ipigie hesabu. Vipimo vinne vya mapigo manne, kwa mwendo wa mapigo 96 kwa dakika, ni sekunde 10. Ukishuka hadi 60 ni sekunde 16, na hapo wengi hukatika. Wapokezane: mmoja avute katikati ya irabu ndefu, wenzake wakiishikilia sauti. Baada ya "ya", "wa" au "za", asivute mtu.

Nisalimie wenzako.

Mama yako