Je, kazini wanaiona mashine yangu pepe?

SWALI: Kompyuta niliyopewa kazini inatumia Windows. Nimeweka VirtualBox, programu inayoendesha mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi), na ndani yake Ubuntu, mfumo endeshi mwingine, ninayoitumia wakati wa mapumziko kusoma barua pepe zangu na kuingia benki. Je, watu wa tehama wanaiona mashine hiyo kwenye mtandao? Na wanaona ninachofanya humo?

JIBU: Hayo ni maswali mawili, na majibu yake hayafanani.

Mashine kuonekana au kutoonekana kunategemea umeiunganishaje. Ndani ya Ubuntu, fungua kidirisha cha amri uandike ip addr. Ukikuta 10.0.2.15, uko kwenye NAT (mashine hutumia anwani ya Windows kutoka nje), hali ambayo VirtualBox huanza nayo. Hapo swichi ya ofisi, kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao, haina habari na Ubuntu: Windows ndiyo inayofungua kila muunganisho kwa niaba yake, na vyote hutoka kwa anwani ya IP (namba ya kompyuta kwenye mtandao) na ya MAC (namba ya kadi ya mtandao) ya Windows.

Ukikuta anwani ya ukoo mmoja na kompyuta nyingine za ofisini, basi uko kwenye hali ya daraja (bridged), inayoiunga mashine moja kwa moja na mtandao wa ofisi, na mashine imejianika. Kwenye waya hutoka na MAC yake yenyewe inayoanza na 08:00:27, ambayo mwanatehama akiiona tu anajua ni VirtualBox. Ikiomba anwani kwa seva ya DHCP, inayogawa anwani za IP, hujitaja na jina, na kisakinishi cha Ubuntu kimezoea kupendekeza jina linaloishia na “-VirtualBox”. Kuna balaa jingine: swichi za ofisi zinaweza kupangwa zikubali MAC moja tu kwa kila tundu. Ya pili ikijitokeza, tundu linafungwa na Windows nayo inakatika. Utajikuta unawaita tehama wewe mwenyewe.

Tuje kwenye unachofanya. NAT huificha mashine. Safari zake haizifichi. Kila tovuti unayofungua huulizwa kwanza kwa DNS (huduma inayotafuta anwani ya IP kwa jina la tovuti), mara nyingi ile ya ofisi. HTTPS, njia ya kusimba mawasiliano na tovuti, hufunga yaliyomo, lakini jina la tovuti kwa kawaida hupita wazi muunganisho unapoanza.

Ofisi nyingine huifungua hata hiyo HTTPS katikati ya njia. Kwenye Windows hutagundua, kwa kuwa cheti cha ofisi (hati ya kidijitali inayokifanya kivinjari kiamini muunganisho) kimeshawekwa humo. Ubuntu yako haina cheti hicho, kwa hiyo ndiyo inayotoa siri: Firefox ikikuandikia SEC_ERROR_UNKNOWN_ISSUER kwa tovuti ya benki ambayo Windows inaifungua bila tatizo, tazama jina la mtoaji wa cheti. Likiwa la kampuni yenu au la kifaa cha ulinzi, kuna anayeweza kusoma. Usilipuuze onyo hilo ukaandika nywila.

Hata hivyo, mtandao sio unaopaswa kukutia wasiwasi zaidi. Windows ni yao. Kila herufi unayobonyeza hupita Windows kabla ya kufika Ubuntu. Programu ya kupiga picha za skrini hulipiga na dirisha la VirtualBox. Na faili la .vdi, ambamo VirtualBox huhifadhi mashine, ndiyo diski yako nzima, historia ikiwemo. Ukiisimba diski ndani ya Ubuntu, unalindwa mashine ikiwa imezimwa tu. Ikiwa imewashwa, ufunguo uko kwenye RAM ya kompyuta hiyo hiyo.

VPN (njia iliyosimbwa inayopitia seva ya nje) ndani ya Ubuntu? Itaficha majina ya tovuti, ila ruta itaona muunganisho mmoja mrefu unaokwenda anwani moja tu, jambo linalovuta macho kuliko kuperuzi kwa kawaida. Kama sera ya ofisi inakataza VPN za nje, umejiongezea kosa. Na kibodi bado ni ile ile.

Kwa benki na barua zako, tumia simu yako kwa bando lako, nje ya wi-fi ya ofisi. Mashine pepe ukiihitaji kwa kazi, iache kwenye NAT na uombe ruhusa kwa maandishi. VirtualBox yenyewe huonekana kwenye orodha ya programu zilizowekwa, hata isipowashwa.