Timu ya kuogelea na umri huu, nikashindane na nani?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 43, kuogelea najua ila huwa naenda mwenyewe, nazunguka bwawani nusu saa natoka. Rafiki yangu kaning'ang'ania nijiunge na timu ya watu wazima. Sasa jamani, timu ya nini umri huu? Na zinaendeshwaje, maana naogopa kwenda kuaibika.

JIBU: Dada yangu, mashindano yaweke pembeni kwanza. Wengi waliomo kwenye hizo timu hawashindani na wala hawana mpango huo. Wanaenda kwa sababu ukiogelea peke yako unajidanganya, ukichoka kidogo unashika ukuta, unarekebisha miwani, unaangalia watu, mara nusu saa imeisha. Kwenye timu kuna mtu mbele yako na mwingine anakuja nyuma, utaendelea tu hata kama hutaki. Halafu kuna kocha kasimama juu anakutazama, mwenyewe huwezi kujiona kwamba ukivuta pumzi unanyanyua kichwa mpaka miguu inazama, ila yeye anaona hapo hapo.

Kuhusu kuaibika, watu wanapangwa leni (zile njia za bwawani zinazotenganishwa kwa kamba) kwa kasi yao, sio kwa umri. Leni moja mnaweza kuwa watano, mnaenda upande mmoja mnarudi upande mwingine, mkiachana sekunde 5 au 10. Ukitaka kumpita wa mbele unamgusa mguu kidogo, akifika ukutani anajibana kona unapita, hakuna ugomvi (ugomvi unaletwa na yule anayejiweka leni ya kasi wakati uwezo hana, na kila timu anaye).

Mazoezi mara nyingi yanachukua saa moja: mnapasha mwili, mnarekebisha mtindo, inakuja kazi yenyewe, mwisho mnaogelea taratibu kupoza mwili. Kwenye kazi yenyewe ndio utaijua saa ya ukutani. Kocha akisema mita 100 mara nane kwa dakika mbili na nusu, kila baada ya 2:30 unaondoka tena, kwa hiyo ukifika kwa 2:10 una sekunde 20 za kupumua, ukifika kwa 2:28 pole, geuka uende. Leni ya jirani wanapewa kazi hiyo hiyo kwa dakika tatu, ndio maana wa kasi na wa polepole wanafanya mazoezi pamoja.

Na ukija kunogewa, mashindano ya Masters (ndio jina la kuogelea kwa watu wazima) yanagawa watu kwa umri, miaka mitano mitano, wewe ungekuwa na wa 40 hadi 44. Wenye miaka 80 na zaidi nao wana makundi yao! Mambo haya yalishika kasi Marekani 1970, akiyasukuma Ransom Arthur, daktari wa jeshi la majini aliyetaka watu wazima wawe na sababu ya kujiweka fiti. Mashindano ya dunia yalifanyika Tokyo 1986.

Kabla hujalipa chochote omba ujaribu siku moja, uangalie kocha anatazama watu au anatazama simu. Kama ni simu, hapo wanakukodisha maji tu, tafuta kwingine. Na kama una presha au tatizo la moyo muone daktari kwanza.

SWALI LA PILI, la msomaji mwingine: Lazima nijue mitindo yote minne ya kuogelea?

JIBU: Hapana. Wengi wanaingia na mtindo huru tu, hiyo mingine unafundishwa humo humo, na mtindo wa kipepeo ukikushinda unaruhusiwa kuogelea unachokijua.