Kabla hujalipia AI ya kuriviu msimbo, soma yaliyotukuta sisi

Wiki iliyopita dada mmoja wa Arusha kanitumia meseji, anaongoza timu ya madevelopa watano. "Kaka habari za kazi, kati ya Copilot, CodeRabbit na hizi AI nyingine za kukagua msimbo tuchukue ipi? Bosi anataka jibu Ijumaa." Nikamjibu kwa voisi ndefu sana, halafu nikaona bora niandike kabisa maana mnaouliza hili ni wengi.

Sisi mwaka jana tulichagua kwa demo. Chombo kimoja kiliweka komenti 34 kwenye PR (ombi la kuingiza mabadiliko ya msimbo) ya mistari kama 200 hivi, timu nzima ikafurahi, mimi mwenyewe nikasema hiki ndo chenyewe, kinaona kila kitu. Tukalipia siku hiyohiyo. Sikitaji jina kwa sababu kosa kubwa lilikuwa langu.

Wiki tatu mbele hakuna anayesoma tena. Badilisha jina hili, ongeza maelezo hapa, fupisha fankisheni ile, yaani watu wanafunga komenti zote kwa mkupuo wanamerji, msimbo unaingia kwenye mfumo. Sasa siku moja humohumo chini kabisa ikawepo komenti ya maana, inasema kolibaki ya malipo (ile taarifa mfumo unayotumiwa malipo yakifanyika) haiangalii kama muamala ulishapokelewa. Mnaojenga mifumo ya malipo ya simu mnalijua hili, kolibaki moja inaweza kuja mara mbili, lazima uhifadhi namba ya muamala na uikatae ikirudi. Hatukusoma. Nikapitisha. Jumamosi usiku wateja wakaanza kuingiziwa salio mara mbili, nikakesha nalinganisha miamala mmoja mmoja mpaka adhana ya alfajiri. Na kinachoniuma mpaka leo sio ile hela, nyingi ilirudi. Ni kwamba Jumatatu nilimgombeza kijana aliyeandika ule msimbo mbele ya wenzake, wakati aliyebonyeza kukubali ni mimi.

Kwahiyo jamani demo achaneni nazo. Safari ya pili tulichukua PR zetu za zamani 20, 12 tukijua kabisa zilileta bagi (hitilafu) kwa wateja na 8 zilikuwa safi, tukazifungua upya kwenye repo (ghala la msimbo) ya pembeni na kila chombo kikazipitia. Zile safi ndo muhimu kuliko mnavyodhani, pale ndo unaona kelele, komenti zisizo na maana. Tuliyoichagua ilinasa 5 tu kati ya 12, kuna nyingine ilinasa 7, lakini yetu kwenye zile 8 safi iliweka komenti 4 jumla na ile ya bagi 7 iliweka zaidi ya 60. Mtu anasoma komenti 4. Sitini hasomi, na mimi ni shahidi.

Angalieni pia kama inakubali sheria zenu. Copilot inasoma faili la copilot-instructions.md, CodeRabbit wana .coderabbit.yaml, na PR-Agent, nayo ya kuriviu, ni chanzo huria, unaweza kuiendesha kwenye seva yako. Bila kuiambia mfumo wenu unafanyaje kazi itawapa ushauri wa jumla tu. Halafu kabla hujaunganisha chochote pekua faili za majaribio maana chombo kitazisoma, sisi tulikuta namba za simu za wateja wa kweli mle ndani, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022.

Na tafadhali mtu abaki kuwa ndo anayekubali. Hata Copilot yenyewe riviu yake ni komenti tu, haihesabiki kama idhini, na nyie msitafute njia ya kuizunguka hiyo eti kazi iende haraka. Kiongozi ukipitisha, umepitisha wewe.

Dada yangu, muombe bosi wiki mbili. Zile PR 20 wape vijana wazichague, wao ndo wanakumbuka zipi ziliwakesha. Kwetu mstari wa kwanza wa faili la sheria unahusu kolibaki, nilimuomba yule kijana auandike yeye, siku ileile niliyomuomba radhi mbele ya wenzake walewale.