Kufuli la Usiku, Mafuta ya Samaki na Shawa Inayonuka: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Moto Hotelini

SWALI: Nasimamia gesti ya orofa nne hapa Nakuru, yenye ngazi moja tu. Ikifika saa tano usiku, askari hutia kufuli geti la chuma lililo chini ya ngazi kwa kuwa tumewahi kuibiwa. Mkaguzi wa zimamoto wa kaunti amekataa kutupa cheti mpaka kufuli liondoke. Vizimamoto tunavyo, king'ora tunacho. Ufunguo ukikaa na askari si yatosha? – *Meneja, Nakuru*

JIBU: Haitoshi, na mkaguzi wako hajakosea. Godoro moja la sponji likishika moto, korido hujaa moshi mweusi ndani ya dakika chache, na moshi huo una gesi za sumu, kaboni monoksaidi na sianidi, zinazomlegeza mtu kabla ya moto kumfikia. Katika dakika hizo askari wako sharti awe macho, awe karibu, aukumbuke ufunguo, na aone tundu la kufuli hata stima ikiwa imepotea. Likikosekana moja, wageni wamebanana nyuma ya vyuma. Na kama geti hufunguka kwa ndani, umati ukishalisukuma hakuna awezaye kulivuta, hata kufuli likiwa wazi.

Wizi una dawa yake. Weka mlango unaofunguka kwa nje, wenye mtaimbo wa kusukuma uliolala kiunoni: aliye ndani akiuegemea unafunguka, aliye nje hana cha kushika. Ufungie kengele ya betri inayolia kila unapofunguliwa, askari atajua nani anatoka. Mtaimbo huo ununue ukiwa kamili. Usikubali fundi wa mageti akuundie komeo, kwani komeo hukwama likipata kutu au geti likilegea bawabani.

Sasa ngazi yenyewe, ambayo inatutia hofu kuliko kufuli. Ngazi moja iliyo wazi toka chini hadi juu ni dohani. Katika hoteli ya MGM Grand, Las Vegas, mwaka 1980, moto ulianzia mkahawani orofa ya chini ukaua watu 85. Wengi wao waliuawa na moshi katika orofa za juu kabisa, mbali na moto. Ngazi ya pili ya nje ndiyo suluhisho. Wakati unaitafutia pesa na michoro, fanya haya: ziba ngazi kwa ukuta na mlango unaojifunga katika kila orofa, ondoa magodoro, rangi na petroli ya jenereta chini ya ngazi, weka taa za betri zinazojiwasha stima ikikatika. Weka pia kitambua moshi katika kila chumba na kila korido, vyote viwe vimeunganishwa ili kimoja kikilia vyote vilie. Vibonyeze kila mwezi kuvijaribu. Vikianza kulia kidogo kidogo ni betri inaisha, na hapo ndipo wafanyakazi huichomoa wapate usingizi, kisha hakuna anayeirudisha.

Kisheria, gesti ni mahali pa kazi. Kanuni za Kupunguza Hatari za Moto za mwaka 2007 zinadai ukaguzi wa usalama wa moto kila mwaka na zoezi la kuwatoa watu angalau mara moja kwa mwaka. Fanya zoezi lako usiku, wakati zamu ina watu wachache. La mchana halitakuonyesha lolote kuhusu hilo geti.

SWALI: Jikoni tunakaanga ngege kwenye karai kubwa. Mafuta yakishika moto, tutumie kizimamoto cha unga kilicho ukutani? – *Mpishi, Kisumu*

JIBU: Kwanza funga gesi, funika karai kwa kifuniko cha chuma au blanketi la kuzimia moto, kisha usiliguse kwa angalau nusu saa. Mafuta hayo yamepita nyuzi 300, na ukifunua mapema yatapata hewa na kuwaka upya. Unga huuangusha mwali lakini haupoozi mafuta, ndiyo maana moto hurudi ukidhani umezimika. Jiko la kukaangia linahitaji kizimamoto cha kemikali ya majimaji kilichotengenezewa mafuta ya kupikia, kining'inizwe karibu na mlango, si nyuma ya jiko. Maji, kamwe: huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke mara moja na kuyarusha mafuta yanayowaka hadi darini.

Mtungi wa gesi ukae nje, na valvu ya kuifunga iwe pale unapoweza kuifikia bila kupita mbele ya moto. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kuingia mitaroni. Mpira wake upimwe kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti.

SWALI: Shawa za umeme vyumbani zinanuka plastiki. Fundi anasema ni kawaida. – *Mwenye loji, Bungoma*

JIBU: Si kawaida. Shawa ya wati 5,500 kwa volti 240 hula takriban ampea 23. Ukiiunga kwenye waya ya unene wa milimita mraba 2.5 inayolisha pia soketi, waya huchemka ndani ya ukuta. Harufu nayo mara nyingi hutoka kwenye skrubu iliyolegea. Zima sasa. Kila shawa ipate waya yake ya milimita mraba 6 kutoka kwenye boksi la breka, breka ya ampea 32, waya ya ardhi, na kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampea 30.

SWALI: Nalala hoteli tofauti kila wiki kwa kazi. Niangalie nini? – *Msafiri, Kakamega*

JIBU: Kabla ya kufungua begi, tembea hadi mlango wa dharura na uufungue. Mlango huo ukiwa na kufuli, omba chumba cha chini au hama. Ukirudi, hesabu milango kutoka hapo hadi chumbani kwako, maana kwenye moshi utaihesabu kwa mkono. Dawa ya mbu ya kuchoma iweke sakafuni kwenye sahani, mbali na neti. Usiku king'ora kikilia, gusa mlango kwa mgongo wa mkono: ukiwa na joto, usifungue. Ziba nafasi ya chini kwa taulo lililoloweshwa, piga 999 au 112, utaje hoteli, orofa na namba ya chumba, kisha usimame dirishani wazimamoto wakuone.